Mia Moja Hamsini Bado Iko Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari ni la Mulwa, mwenye duka hili la kompyuta, mkono ni wangu, Wanzala, mkali wa kompyuta Gatina nzima na nusu ya Kibera. Shule niliiacha kidato cha pili, na nasikia mpaka leo shule haijapona. Mulwa amesema niandike kila siku vitu viwili tu: maji yako wapi, na seva imejibu nini. Hakusema nisiandike vingine.

Kwa yeyote atakayeokota daftari hili: kule Laini Saba, chini ya daraja la miguu, kuna chuma kimefungwa. Kinapima mto. Kila robo saa kinatuma meseji kwa kompyuta yetu hapa Gatina, Kawangware, orofa ya nne, juu ya duka la mitumba. Kompyuta yetu inaweka ile namba kwa faili na kuituma kwa seva ya mradi huko mjini. Maji yakipita mita mbili, seva inawatumia wazee wa nyumba kumi meseji ya kuhamisha watu. Na kila ukiipatia seva faili, inakujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Kazi yangu ni kusoma hizo namba. Kazi ya Mulwa ni kunywa chai na kuprintia watu CV.

Maji 0.3. Jibu 226. Maana yake faili imefika salama.

Jumanne, 4 Machi

0.3. 226. Jua.

Ijumaa, 7 Machi

0.3. 226. Kila Ijumaa Mulwa anatakiwa kukagua daftari. Amekagua hivi: amefungua penye kalamu, amegonga muhuri wake wa NIMEONA, amefunga. Macho yalikuwa kwa simu. Sasa wacha nimpime. Mulwa anakula ugali kwa kijiko kama mgeni wa ubalozi. Tuone kama atasema kitu.

Jumatatu, 10 Machi

0.3. 226. Hajasema kitu.

Jumatano, 12 Machi

0.3. 226. Nikitoka kazini nilipitia kwa dada yangu Immaculate, Laini Saba upande wa chini. Anachunga watoto wa watu, kumi na mmoja kwa chumba kimoja cha udongo na mabati, mama zao wakiwa wameenda kufulia watu nguo huko estate. Kutoka mlango wake mpaka mto ni hatua kumi. Nimezipima kwa miguu yangu, na miguu yangu ni mirefu.

Tulikuwa tumepatana anikute darajani na chakula. Saa tisa nikampigia, akasema, "Nakam, niko karibu." Saa kumi nikampigia, akasema, "Nakam." Nilipochoka nikashuka mwenyewe, nikamkuta ameketi kwa stuli, mtoto mmoja mgongoni, anatafuta kiatu cha kushoto. Immaculate akikwambia nakam, yaani nakuja, jua hata stuli bado haijapoa.

Nilimwonyesha kile chuma. Nikamwambia, "Siku mzee atapata meseji ya kuhama, ujue ni kichwa hiki kimefanya kazi."

"Kichwa ambacho hakijui kuosha sufuria," akasema.

"Sufuria haina tarakimu tatu."

"Basi hama nazo hizo tarakimu. Na huyu Hope mtoe hapo nyuma ya pipa, ndipo hujificha akitaka kulala."

Hope ana miaka miwili. Nikamtoa. Aliniuma.

Jumanne, 18 Machi

0.4. Mvua ya kwanza. Laini yetu ya intaneti inapita hewani, na hewa ikilowa inakuwa kama mzee anayepanda ngazi. Programu ikituma faili, seva inajibu mara mbili: kwanza 150, halafu, data ikishaingia yote, 226. Leo kati ya 150 na 226 tulikuwa tunangoja dakika mbili, tatu, na kompyuta ikingoja haiprinti. Watu sita kwenye benchi. Mmoja alikuwa na programu ya mazishi, na mazishi hayangoji.

"Kijana," Mulwa akasema, "hiyo kitu yako inangoja nini?"

"Jibu la pili, boss."

"Kwani la kwanza lilikuwa baya?"

"La kwanza ni zuri. Moja na mbili zote ni majibu mazuri. Nne na tano ndio mabaya."

"Sasa ukishaambiwa ndiyo, unasimama mlangoni ufanye nini?"

Nilicheka. Nikafungua programu, nikabadilisha mstari mmoja. Sasa namba yoyote inayoanza na moja au mbili, programu inaandika IMEFIKA, inakata laini, inarudi kuprinti. Dakika saba za kazi, na nne kati ya hizo nilikuwa nakula ndizi. Mulwa aliniita Profesa mbele ya watu. Aliyesema kidato cha pili ni kidogo ajitokeze.

Jumatano, 19 Machi

0.4. IMEFIKA mara 96 kati ya 96. Sijui kwa nini watu hulipia chuo.

Ijumaa, 21 Machi

0.5. IMEFIKA 96. Muhuri. Mulwa akikuna kichwa anatoa sauti ya mtu anayeparua samaki. Hajasema kitu.

Jumatatu, 24 Machi

0.6. IMEFIKA 96. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

0.6. IMEFIKA 96. Mvua. Kutoka keja yangu Soweto West mpaka hapa ni saa nzima kwa miguu, na kiatu cha kulia kimefungua mdomo.

Ijumaa, 28 Machi

0.8. IMEFIKA. Mvua. Muhuri.

Alhamisi, 3 Aprili

0.9. IMEFIKA. Nguo zangu hazijakauka tangu Jumapili. Nanuka kama mbwa wa kanisa. Mulwa anasema wageni wa mradi watakuja tarehe 28 kuona kazi, na karatasi yetu ya ripoti ni safi kuliko zote. Wakipenda wataweka vyuma kwa mito mingine.

Jumatano, 9 Aprili

1.1. IMEFIKA. Nimechoka kuandika hilo neno. Nimechoka pia na matope. Ukitoka Soweto West na suruali safi, ukifika barabara ya lami wewe ni ukuta uliokandikwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nitaandika mengi na sitacheka sana.

Jana Jumapili mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Mimi nilikuwa Soweto West chini ya blanketi, nikijua kompyuta inafanya kazi yangu. Leo asubuhi Immaculate alinipigia kabla sijavaa.

"Maji yaliingia kwangu jana mchana. Mpaka hapa kwa goti."

"Watoto?"

"Jumapili hakuna watoto, shukuru. Magodoro ndio yameenda. Meseji yako iko wapi?"

"Lazima ilikuja. Mzee Osewe hakuiona tu."

"Basi kuja umwambie mwenyewe."

Nilishuka. Mzee Osewe ndiye mzee wa nyumba kumi pale chini, fundi wa viatu, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekaa kwa kibanda chake, simu iko kwa kamba shingoni. Nilimwambia kwamba wazee wengine hawajui kufungua meseji. Nilisema hivyo, sikatai.

Aliniangalia viatu kwanza, halafu uso. "Kijana," akasema, "jana nilikaa na hii simu mkononi kutoka saa nne mpaka jioni. Chaji ilikuwa imejaa. Niliona meseji mbili. Moja ya kampuni ya simu na moja ya mtoto wangu Siaya akiuliza kama tuko hai."

Nikasema nitaangalia. Akaniambia nivue hicho kiatu cha kulia. Akakishona nikisimama kwa mguu mmoja. Afadhali angenitukana.

Nilipofika Gatina nikafungua kumbukumbu za jana. Maji saa nane mchana: 2.1. Jibu: IMEFIKA. Saa nane na robo: 2.2. IMEFIKA. Zote zimefika. Sasa kama zimefika, zilifika wapi?

Jumanne, 15 Aprili

Nilimpigia Whitney, yule dada anayelinda seva huko ofisi ya mradi. Ana sauti ya mtu aliyeketi mahali pakavu.

"Faili zenu za Jumapili ninaziona," akasema. "Zote ziko."

"Ya saa nane inasema maji ngapi?"

Nikasikia anabonyeza. "Haisemi kitu. Iko tupu."

"Na ya saa nane na robo?"

"Tupu pia. Wanzala, zako nyingi ziko tupu. Ni kama mtu analeta bahasha kila siku na hakuna barua ndani. Nilidhani mto umetulia ndio chuma kimenyamaza."

Nilikata simu nikachukua ile karatasi ya standard, yenye kanuni za kutuma faili. Iko hapa tangu mwaka jana, kurasa sitini na tisa za Kiingereza, za mwaka 1985, Mulwa aliziprinti akaziweka chini ya mguu wa meza ile inayoyumba. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja, ule wa orodha ya namba. Leo nilitoa zote, meza ikayumba, nikasoma na simu kando ya kutafuta maneno. Imenichukua mpaka jioni. Niandike nilivyoelewa.

Maneno yanayokuja nyuma ya namba ni ya kutufurahisha sisi watu. Kila seva inaweza kusema yake. Kinachohesabika ni tarakimu, na ya kwanza ndiyo bosi.

Ikiwa tano: hapana, na usirudi na ombi hilo hilo. Ni kama ule mlango wa ofisi ya chifu ukiambiwa cheti hiki si chako.

Ikiwa nne: hapana ya leo. Rudi baadaye na karatasi zile zile, huenda ukakuta mtu.

Ikiwa tatu: endelea, lakini leta kitu kingine kwanza, kama neno la siri.

Ikiwa mbili: imekwisha. Imefika.

Na ikiwa moja: nimeanza, ngoja jibu lingine kabla ya kufanya jambo lolote. Ngoja. Imeandikwa hivyo kabisa. Hiyo 150 niliyoipigia makofi haikuwa imefika popote. Ilikuwa ni seva inafungua mlango inasema, haya, leta. Na mimi, kabla data haijapita mlangoni, nakata laini naandika IMEFIKA. Siku kavu data huwahi kupita, siku ya mvua inabaki nje.

Nimemjua Immaculate miaka kumi na tisa. Kama kuna mtu Nairobi hii anajua tofauti ya nakam na nimefika, ni mimi. Na bado nilikubali nakam ya kompyuta kwa sababu ilikuwa imevaa tarakimu.

Jumatano, 16 Aprili

1.3. Sijui ni ngapi zimefika. Nilimwambia Mulwa kwamba programu ina shida, inafaa ingoje jibu la pili. Sikumwambia kwamba shida ni mstari wangu.

"Tutarekebisha wageni wakishaenda," akasema. "Ukigusa sasa kitu kitakatika mbele yao."

"Boss, mvua haingoji wageni."

"Na mimi nina watoto watatu ambao hawangoji mvua. Wiki mbili tu, Profesa."

Nikakubali. Kukubali kulikuwa rahisi, hilo ndilo linaniuma. Nilimwambia Immaculate awe anaangalia mto kwa macho yake. Akasema huwa anafanya hivyo siku zote, asante.

Jumanne, 22 Aprili

1.2. Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

1.4. Mvua. Najilaza na viatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Wageni walikuja. Watu wanne wenye makoti mazuri. Mulwa aliwaonyesha karatasi: siku arobaini na mbili, IMEFIKA asilimia mia. Mmoja aliniuliza siri ni nini. Mimi ambaye huwa nina jibu la kila kitu nilisema, "Ni kazi tu." Walipiga picha, mimi nikiwa katikati. Waliondoka na hiyo karatasi.

Jumanne, 29 Aprili

Nimebadilisha mstari nilipofika tu, kabla Mulwa hajapanda ngazi. Sasa programu inangoja mpaka jibu la pili. Ikiwa nne inajaribu tena mara tano. Ikiwa tano inapiga kelele. Leo: 61 zimefika, nyingine ni 425, hakuna njia, na 426, njia imekatika katikati. Skrini yote nyekundu. Mulwa aliiangalia kama mtu aliyeona ukuta wake umechorwa.

"Umeharibu."

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote, boss. Tulikuwa tumezima taa tu."

Watu wa kuprinti walingoja, wakalalamika. Na Mulwa hakuniambia nirudishe.

Ijumaa, 2 Mei

1.3. 70 zimefika. Muhuri. Mulwa, meno yako ya mbele yana mlango wa basi. Hajasema kitu. Hata kutania kumenichosha.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi ilikuwa 1.1. Saa saba mchana Gatina ikawa giza, mvua ikaanza kupiga mabati mpaka wateja wakawa wanaongea kwa mikono.

Saa saba na nusu: 1.4. Jibu 425. Ikajaribu tena, 425. Mara tano.

Saa nane kasorobo: 1.7. Jibu 150. Nikasimama. Nikangoja. 426.

Nikampigia Immaculate.

"Maji ni moja nukta saba na yanapanda. Toa watoto."

"Meseji haijakuja kwa mzee."

"Haitakuja. Mimi ndio meseji."

"Wanzala, wamelala. Nimechukua saa nzima kuwalaza."

"Imma."

"Sawa. Sawa, nawatoa."

Siku nyingine ningekata hapo, nikarudi kuangalia skrini. Lakini hiyo "nawatoa" naijua tangu nizaliwe. Hiyo ni 150.

"Usikate simu," nikamwambia.

"Kwani una kredo ya kuchezea?"

"Usikate. Ifunge ndani ya leso, hapo kifuani. Nataka kusikia."

Nikasikia leso, halafu mvua yao, ambayo ilikuwa na sauti tofauti na ile yetu, nzito, kama kokoto. Nikasikia sufuria ikianguka. Mtoto mmoja akaanza kulia na wengine wakamfuata. Nikasikia dada yangu akisema, shika leso yangu, wote shikeni, Brian shika, usiangalie huko, niangalie mimi.

Mulwa akaja nyuma yangu. Kulikuwa na mtu anataka kadi za harusi na Mulwa alikuwa amemwacha na sampuli mkononi.

"Hii 425 ni nini?"

"Njia haifunguki. Rudi tena."

"Na hii?"

Ilikuwa imeingia sasa hivi. 421. "Seva inasema inafunga kazi," nikasema. "Huko kwao pia kumeharibika."

"Kwa hivyo hakuna meseji itaenda."

"Hakuna."

Aliangalia namba ya maji. 1.9. Hakuniuliza kwa nini siku zote hizi hakuna aliyepata meseji. Alitoa simu yake mwenyewe, akatafuta jina la Mzee Osewe kwenye ile orodha iliyo ukutani, akapiga. "Mzee, ni Mulwa wa kompyuta. Maji yanakuja. Gonga milango yote ya chini. Hapana, mzee, usikate. Niambie ukifika kila mlango."

Basi tukawa wawili tumesimama na simu masikioni, na benchi zima linatutazama. Kwa simu yake nilisikia fimbo ya Mzee Osewe ikipiga mabati, nyumba baada ya nyumba, na yeye akisema, huyu ametoka, huyu ametoka, hapa hakuna mtu.

Immaculate akarudi kwa laini, anahema. "Tuko juu, kwa kanisa."

"Wangapi?"

Akahesabu. Akahesabu tena. "Kumi."

"Nani hayuko?"

Nilijua kabla hajajibu, na yeye alijua. Alisema tu, "Pipa."

"Imma, mwambie mtu mwingine."

Alishamkabidhi mtu watoto, ameshaanza kukimbia. Nilisikia miguu yake kwa matope, halafu si matope tena, ni maji. Nikamwambia Mulwa, "Hope. Nyuma ya pipa, kwa Imma," na Mulwa akamwambia Mzee Osewe maneno hayo hayo. Saa nane na robo: 2.3. Halafu simu yangu ikawa haina sauti ya mtu. Ilikuwa haijakatika. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabu kwenye kioo, dakika ya kumi na tisa, sekunde moja, sekunde mbili, na ndani yake ni maji tu. Mulwa aliweka mkono wake kwa bega langu. Ule wa kulia. Sikuwa nimewahi kuugusa. Vidole viwili havikukunjika, vilikaa begani kama vijiti.

Dakika ya ishirini na nne nilisikia mtoto anakohoa.

"Imma."

Mtoto akakohoa tena.

"Imma, sema kitu."

"Nakam," akasema, na nikajua bado yuko majini.

Nilingoja. Dakika ya ishirini na nane akasema, "Tuko kwa kanisa."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Mzee Osewe alimbeba, mimi nikasukuma mlango."

"Rudia."

"Wanzala. Kumi na mmoja. Tumefika."

Ndio nikakata.

Saa nane na nusu: 2.6. Baada ya hapo chuma hakikutuma tena. Ukuta wa Immaculate wa upande wa mto ulianguka kabla ya saa tisa, na nyumba nne za jirani zake. Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Saa kumi na mbili jioni hewa ilitulia, nikaiambia programu ijaribu faili zote zilizolala, na seva ikajibu 226, 226, 226. Mzee Osewe alipata meseji ya kuhama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alikuwa kanisani anakunywa chai ya strungi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliisomea watu kwa sauti, na Immaculate anasema walicheka mpaka mchungaji akatoka.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna kipimo. Chuma kimekwenda na mto. Nimeshinda nikimchimbia Immaculate vyombo kwa matope. Tumepata sufuria mbili na kile kiatu cha kushoto.

Ijumaa, 9 Mei

Mulwa, najua husomi, lakini nitaliandika hapa kwa sababu mdomoni linakwama. Tarehe 18 Machi mimi ndiye niliyeambia programu ikubali 150. Wewe uliniuliza tu kwa nini inangoja. Ungeniuliza kama ni salama ningekudanganya, kwa sababu sikujua na sikutaka kujulikana sijui. Whitney amenihesabia: kati ya 18 Machi na 29 Aprili, siku kumi na saba zina faili tupu. Ile karatasi ya asilimia mia ni ya uongo, na niko kwenye picha yake.

Mulwa amefungua penye kalamu. Amegonga NIMEONA juu ya sentensi ya mwisho. Amefunga.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kidogo. Immaculate amepata chumba upande wa juu, nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Watoto saba wamerudi, Hope mmoja wao. Mama wanne hawajarudi na hawasemi kwa nini.

Alhamisi, 22 Mei

Wageni wamempigia Mulwa. Wamefurahi. Wataweka vyuma kwa mito mitatu, na vyote vitapitia hapa kwetu, juu ya laini hii hii, kwa sababu karatasi inaonyesha laini ya Gatina haikosi hata mvua ikinyesha. Mulwa alisema "asante" mara nyingi. Alipokata hakuonekana kama mtu aliyefurahi, alionekana kama mtu aliyebebeshwa gunia lingine. Mito mitatu, na kila mto una Immaculate wake.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeficha muhuri. Uko kwa soksi yangu. Nimeacha daftari mezani, limefungwa, nimeenda kununua wino.

*

Wanzala. Nimekosa muhuri, nikadhani uko ndani ya daftari. Nilianza kusoma nimesimama nikamaliza nimekaa.

Ndiyo, nakula ugali kwa kijiko. Niliungua mkono kwa welding nikiwa na miaka kumi na tano, vidole viwili havishiki. Kichwa nakikuna vizuri. Meno ni ya mama yangu na utayaheshimu.

Mimi ndiye mwenye duka na mimi ndiye nilikuharakisha usingoje. Nilikuwa nagonga muhuri juu ya kitu ambacho sijasoma, kwa hivyo mwenye IMEFIKA ya uongo si wewe peke yako. Nimempigia Whitney akanipa orodha ya siku zote kumi na saba. Nimeipeleka ofisi ya mradi mwenyewe leo saa nane, nimekaa hapo mpaka mkubwa wao akaisoma mbele yangu yote. Hawajasema watafanya nini. Wanaweza kutuacha. Nimewaambia laini hii haifai peke yake mvua ikinyesha, na kwamba wazee wapigiwe simu na mtu.

Karatasi za standard nimezitoa tena chini ya meza, nimeweka tofali. Kesho utanisomea hiyo ya nne na tano, sikuielewa.

Rudisha muhuri. Uoshe kwanza.

Mulwa

*

Jumatatu, 2 Juni

Wamefunga chuma kipya, juu kidogo ya kile cha zamani. Mradi bado haujajibu kuhusu hiyo mito mingine. Jua limetoka, matope yameanza kuwa vumbi, na kiatu changu cha kulia bado kinashika.

0.4. Jibu la kwanza 150. Watu watano kwenye benchi, mmoja anasonya. Nimengoja.

226.